Oili kwenye maji ya rejeta, Prado 1KZ-TE: ni gasketi ya hedi au kipoza oili?

PradoKijivu

Wakuu salaam. Gari ni Prado KZJ95, injini 1KZ-TE, giaboksi otomatiki, kulanti (maji ya dawa ya rejeta) nyekundu. Chupa ya akiba imejaa tope zito rangi ya chokoleti, na ukifungua mfuniko wa rejeta gari ikiwa ya baridi unakuta utando umeganda shingoni. Haichemshi, mshale wa joto umetulia, moshi wa kawaida. Oili ya injini imeshuka karibu nusu ya nafasi kati ya alama za L na F kwenye kijiti ndani ya kilomita 800, ila yenyewe ni nyeusi tu, haina weupe. Fundi anasema gasketi ya hedi, ile kati ya hedi (sehemu ya juu ya injini) na bloku (mwili wa injini), anataka tufungue kesho. Nimruhusu, au kuna cha kupima kwanza?

FundiDizeli

Usifungue kesho mkuu. Anza na presha. Injini ikitembea, oili huwa na bar 3 hadi 5, maji hayazidi sana bar 1 kwa sababu mfuniko wa rejeta unaachia hapo karibu. Kwa hiyo oili kuingia kwenye maji inataka mahali ambapo oili yenye presha inapakana na maji. Gasketi ya hedi ina matundu ya oili, sawa, lakini karibu yote ni ya kushukia: oili inarudi sampu (bakuli la oili chini ya injini) kwa uzito wake. Gasketi ikipasuka kati ya tundu la kushukia na tundu la maji, maji ndiyo yataingia kwenye oili, na kijiti kingekuonyesha uji mweupe. Ili upate hali unayoeleza, gasketi ipasuke pale pale oili inapopandishwa kwenda juu. Hutokea, lakini siyo pa kuanzia.

Kinachopakana na maji kwa eneo kubwa, tena kwa kuta nyembamba, ni kipoza oili kilichofungwa ubavuni mwa bloku. Oili inapita ndani ya vibapa (vyumba bapa vya chuma), maji yanavizunguka. Kibapa kikitoboka au gasketi zake ndogo zikikauka, oili inasukumwa kwenye maji siku nzima, na gari haichemshi hata kidogo. Mpaka siku tope litakapoziba rejeta.

Kesho asubuhi, kabla ya kuwasha, fanya kitu kimoja cha bure. Gari ikiwa imelala usiku kucha mahali tambarare, legeza nati ya kumwagia oili polepole na kinga matone ya kwanza kwenye chupa inayoonyesha. Ukizima injini ya moto, presha ya oili inaisha kwa sekunde chache, ya maji inabaki mpaka ipoe, kwa hiyo tobo lile lile linarudisha maji kidogo kwenye oili. Maji ni mazito kuliko oili, yanakaa chini ya sampu na yatatangulia kutoka. Yakitoka, usiiwashe hiyo injini tena mpaka umwage oili yote, maana maji kwenye beringi za krenki hayana huruma.

BintiSpana

Kabla ya hayo yote, hakikisha hilo tope ni oili kweli. Kulanti mbili zisizopatana zikichanganywa zinaweza kuganda kama uji. Dawa ya kuziba rejeta inayovuja nayo huacha matope ya kahawia, na kutu vilevile. Chota kijiko kimoja, weka kwenye glasi ya maji ya moto, koroga, acha dakika 10. Oili inaelea na kuvunja rangi za upinde juu ya maji, kutu inazama. Au dondoshea kwenye gazeti uliache likauke: doa la oili linabaki linapitisha mwanga, la kulanti linakauka.

Pili, mbona hakuna aliyeuliza giaboksi? Rejeta ya otomatiki ina kipoza cha ATF (oili ya giaboksi otomatiki) ndani ya tenki la chini. Kikitoboka unapata tope la pinki, kama maziwa yaliyotiwa rangi, na kulanti yako nyekundu inaweza kukuchanganya. Chokoleti inaelekea zaidi kwenye oili nyeusi ya dizeli, ila usiamini macho. Chomoa kijiti cha giaboksi, pangusa kwenye karatasi nyeupe. ATF iwe nyekundu angavu, au ya kahawia kama ni ya zamani. Ikiwa pinki ya maziwa, gari isiendeshwe hata kwenda gereji, ivutwe. Glaikoli iliyo kwenye kulanti inaharibu gundi inayoshika bitana za klachi za giaboksi, na kumwaga mara moja hakutoshi kwa sababu sehemu kubwa ya ATF inabaki kwenye tokikonveta, kiungo cha injini na giaboksi.

Kupima kipoza hicho ni rahisi. Fungua mipira yake miwili, ziba upande mmoja, upande wa pili ingiza upepo wa kompresa kupitia regyuleta, bar 2 zinatosha. Rejeta iwe imejaa, mfuniko wazi. Mapovu shingoni, umeshajua.

MzeeWaHedi

Namuunga mkono FundiDizeli kwa mpangilio, ila asiwafanye watu waisahau hedi ya 1KZ. Ni ya aluminiamu juu ya bloku ya chuma, na inajulikana kwa kupasuka katikati ya valvu, hasa ikishachemka mara moja. Ufa huo lakini huleta gesi kwenye maji zaidi ya oili, na gesi inapimika bila kufungua kitu.

Asubuhi injini ya baridi kabisa, fungua mfuniko utoe presha, ufunge, washa, shika mpira wa juu wa rejeta. Ukiwa mgumu ndani ya dakika moja au mbili, maji hayajapata joto la kuyatanua, basi ni gesi ya silinda. Ukibaki laini ni dalili nzuri, siyo hukumu.

Kipimo cha dawa ya bluu inayobadilika rangi ikikutana na gesi ya moshi kinasaidia, ila kwenye dizeli kinadanganya. Dizeli ikiwa silensa (inaunguruma bila kukanyagwa mafuta) inavuta hewa nyingi na kuchoma mafuta kidogo, gesi inayotafutwa ni chache, dawa inabaki bluu na watu wanasema hedi nzima. Ipandishe mizunguko 2,000 hadi 2,500 kwa dakika kadhaa, au pima mara tu baada ya kupanda mlima. Na shusha maji sentimita 5 chini ya shingo. Tope likinyonywa kwenye kipimo hicho, dawa imeharibika.

PradoKijivu

Asanteni sana. Majibu ya leo: glasi imeonyesha oili inaelea. ATF nyekundu safi, na kipoza cha rejeta hakina povu hata moja. Mpira wa juu ulibaki laini dakika tano. Sampu ilitoa matone machache ya maji, kisha oili. Tumemwaga yote na kufungua kipoza oili. Kwa macho hakina tobo, gasketi zake zimekuwa ngumu. Tukapuliza bar 2 kwenye beseni, hakuna kitu. Fundi amerudi kwenye hedi.

FundiDizeli

Bar 2 kwenye maji ya baridi ni mtihani mwepesi kuliko kazi yake ya kila siku. Tengeneza kipande cha bati na mpira uzibe tundu moja la oili, tundu la pili ingiza bar 4 hadi 5, kizamishe kwenye maji ya karibu nyuzi 80, na ukiache dakika 10. Ufa mwembamba unafunguka chuma kikitanuka. Vaa miwani, na usikiinamie.

Kikipita na hapo, gasketi ngumu peke yake inatosha kuwa mkosaji. Usirudishe za zamani kwa kupaka silikoni. Ikikatika vipande vinaenda kuziba njia za oili.

PradoKijivu

Dakika ya sita, povu moja moja kwenye kona ya kibapa. Nanunua kipya na gasketi zake. Kusafisha je? Gereji wanasema wajaze mafuta ya taa yazunguke.

BintiSpana

Mafuta ya taa hapana! Mipira ya maji imetengenezwa kwa raba isiyovumilia mafuta ya aina yoyote, inavimba na kulainika, na unaongeza hatari ya moto. Sabuni ya kawaida ya vyombo pia hapana: inatoa povu, povu linashika hewa, na hapo hedi uliyoinusuru utaichemsha wewe mwenyewe.

Toa thamostati (valvu inayofunguka maji yakipata joto). Jaza maji ya moto na sabuni ya mashine ya kuoshea vyombo, ile isiyotoa povu, vijiko vinne au vitano vya chakula, iyeyushwe kwanza kwenye ndoo. Washa na hita ikiwa wazi kabisa, ikifika joto la kazi iache dakika 15, zima, subiri ipoe kiasi cha kutoungua, mwaga. Rudia. Hesabu mara tatu hadi tano kwa tope kama lako. Sabuni hiyo ina magadi makali, haifai kulala ndani ya injini yenye hedi ya aluminiamu, kwa hiyo suuza kwa maji matupu mara mbili zaidi siku hiyo hiyo. Chupa ya akiba ing'oe uioshe pembeni.

Mwisho kulanti nusu kwa nusu na maji ya betri, yale yaliyosafishwa yasiyo na asidi. Soma chupa vizuri, madukani jina hilo hilo huuziwa asidi.

MzeeWaHedi

Oili mpya na filta mpya, halafu ubadilishe tena baada ya kilomita 300 hivi, kwa sababu ya yale matone ya maji. Utando mwembamba kwenye chupa ya akiba utaendelea kujitokeza wiki mbili tatu, ni mabaki yanayotoka kwenye kona za bloku. Futa, weka alama ya kalamu kwenye usawa wa oili kwenye kijiti, na uamini kijiti kuliko utando. Oili isiposhuka, kazi imekamilika.

Mfuniko wa rejeta na thamostati nunua mpya, raba zake zimeshalowa. Mipira ibonyeze mmoja mmoja: unaobaki na shimo la kidole au uliovimba karibu na klipu, tupa. Na ile miwili ya hita nyuma ya injini, pamoja na ya hita ya nyuma kama gari yako inayo.

PradoKijivu

Ya hita ya nyuma ipo, na mmoja umevimba kama kiazi. Naagiza yote.