Domeini kwa msajili mmoja, hostingi kwengine: nibadilishe seva za majina au rekodi ya A tu?

nyumba_kibokoni: Assalaam aleykum. Nina nyumba ya wageni Mji wa Kale, domeini ni ya .co.ke. Tumelipia hostingi mpya ya cPanel (paneli ya kusimamia tovuti na barua), lakini domeini inabaki kwa msajili wa zamani. Nielekeze seva za majina (zinazotunza rekodi zote za domeini) kwa hosti mpya, au nibadilishe rekodi ya A (inayoonyesha IP, yaani anwani ya seva ya tovuti) pekee? Ijumaa nataka tovuti iwe hewani.

fundi_tudor: Waaleykum salaam. Barua pepe ziko wapi? Jibu lote limesimama hapo.

bamburi_web: Badilisha seva za majina umalize. Hosti akikuhamishia mashine nyengine, IP hubadilika na zoni, yaani orodha ya rekodi za domeini, huirekebisha mwenyewe. Ukibaki na rekodi ya A, siku hiyo tovuti itazimika na hutajua kwa nini.

dada_mtwapa: Pole pole, bamburi. Nilifanya kazi ofisi moja ya safari za watalii, Nyali. Fundi wa tovuti alibadilisha seva za majina jioni bila kunakili rekodi za MX, zinazoonyesha barua pepe zipelekwe seva gani. Tovuti ikafunguka vizuri, sote tukafurahi. Kumbe zoni mpya ilikuja na MX yake, inayoelekea kwa hosti mpya. Barua nyengine zikirudishwa, nyengine zikiangukia sanduku lisilofunguliwa na mtu. Tulijua pale ajenti alipopiga simu kuuliza wageni wake wa Pasaka. Walikwisha kulala Diani. MX ikarekebishwa, lakini ujumbe wa fomu ya tovuti bado haufiki! Ndani ya cPanel upelekaji barua ulikuwa umewekwa wa ndani, kwa hivyo seva ikijipelekea yenyewe bila kuuliza MX. Kaka, kitu hicho kiangalie.

nyumba_kibokoni: Shukran dada. Barua zetu ziko Google.

fundi_tudor: Basi rekodi ya A tu, pamoja na www. Kama TTL (sekunde ambazo seva nyengine huikumbuka rekodi) ni 86400, ishushe hadi 300 leo, kesho yake ndiyo ubadilishe. MX usiiguse. IP mpya iongeze kwenye SPF ileile (rekodi ya seva zinazoruhusiwa kutuma barua kwa jina la domeini). SPF zikiwa mbili, ukaguzi unafeli.

likoni_feri: Weka zoni Cloudflare, huduma ya nje ya kutunza zoni, bure. Hosti akikuudhi unahama bila kumgusa msajili.

fundi_tudor: Hiyo nayo ni kubadilisha seva za majina. Skani yao huweza kuruka rekodi, DKIM (ya saini ya barua pepe) hasa. Na kama DNSSEC (saini za kulinda rekodi za domeini) imewashwa, rekodi ya DS (kiungo chake kwa msajili) iondolewe kwanza, la sivyo domeini yote inapotea.

bamburi_web: Hofu tupu. Nakili zoni nzima, ngoja saa 48.

likoni_feri: Hizo 48 ni za .com, ambako rekodi za seva za majina hukumbukwa sekunde 172800, yaani saa 48. Yeye ana .ke.

dada_mtwapa: Domeini imesajiliwa kwa jina la nani?

nyumba_kibokoni: La kijana aliyetutengenezea tovuti ya kwanza. Sasa yuko Doha, nywila anayo yeye.

fundi_tudor: Ijumaa isahau. Mtafute, na msajili mpelekee cheti cha biashara.

bamburi_web: Mimi ningenunua .com mpya.

dada_mtwapa: Na wageni wenye anwani ya zamani waandikie wapi?