Kijana ambaye hajawahi kufanya biashara anaweza kukushauri kuhusu startapu?

Mama Chanja, Kirumba

Wakuu habari za asubuhi, na wa nyumbani mwangaluka. Nina jambo linaninyima usingizi naomba mnisaidie.

Mimi nina miaka 41, niko hapa Mwanza mwaloni Kirumba, wavuvi wanakoshushia mzigo, naenda mwaka wa 13 sasa kwenye dagaa. Nanunua kwa wavuvi, nakausha, napeleka magunia Dar. Nina mtoto wa dada yangu yuko mwaka wa mwisho chuo hapa Nyegezi, ana miaka 22, ananiambia mama mdogo hii biashara yako igeuze iwe startapu, yaani kampuni changa inayokua haraka. Tutengeneze aplikesheni mteja aagize mwenyewe, tuanze kuuza chini ya gharama ili watu wajae halafu bei tupandishe baadaye, na tuache magunia tufunge pakiti za nusu kilo zenye lebo. Fundi wa aplikesheni anataka milioni 4 na mimi akiba yangu yote ni milioni 6.

Kila Jumamosi anakaa na wenzake wanashauriana mambo ya startapu na nilipomuuliza nani kati yenu ameshauza kitu akanyamaza. Sasa nikimsikiliza naona kuna kitu pale, ila nikikumbuka hajawahi kunyeshewa mzigo hata siku moja moyo unakataa. Ushauri wa vijana kama hawa una thamani au nampotezea muda na yeye ananipotezea mtaji?

Mzee wa Igombe

Dada yangu usithubutu. Kuuza chini ya gharama anasema mtu ambaye hela siyo yake. Muulize swali moja tu, mbalamwezi ikitoka hiyo aplikesheni itauza nini? Dagaa anafuata taa kwenye giza, mwezi ukiwa mkubwa taa haimvuti na mitumbwi inapaki, wateja wako wataagiza hewa. Halafu mvuvi wako ana kitochi, hiyo oda inamfikiaje? Jumia wale wa duka la mtandaoni walikuwa na hela za kutosha na wataalamu kibao na bado mwaka 2019 walifunga Tanzania, sembuse milioni zako 4.

Mimi nilishakopesha mali kauli kwa ushauri wa kijana msomi aliyeniambia mteja mkubwa lazima umwamini. Mpaka leo sijalipwa. Yeye alishahama mji.

Dogo wa Malimbe

Shikamoo mzee wangu, na wewe mama shikamoo. Pole kwa hiyo mali kauli, lakini naomba usituweke wote kapu moja. Mark Zuckerberg alianzisha Facebook 2004 akiwa na miaka 19, angesubiri uzoefu angeutoa wapi? Ila nikiri kitu kimoja, yule alikuwa mwanafunzi anatengenezea wanafunzi wenzake, maisha yao alikuwa anayaishi yeye mwenyewe. Mimi nikishauri kuhusu dagaa wakati mwalo naujua kwa kupita na daladala hapo nabahatisha, na wengi wetu ndo tunachofanya, tunaangalia video za Wamarekani tunarudia maneno. Hiyo ya kuuza kwa hasara ili watu wajae ni ya kampuni zilizopewa hela na wawekezaji, mama hana mwekezaji, ana akiba.

Nyakato Mjasiriamali

Wote mmesema kweli ila nataka niongeze maana hili limenigusa.

Watafiti wa Marekani waliwahi kupiga hesabu za waanzilishi wa kampuni changa zilizokua kwa kasi kuliko zote kule kwao, wakakuta wastani wa umri wao walipoanza ni miaka 45. Kwa hiyo mama wewe ndo uko kwenye umri wenyewe, usijione umechelewa.

Sasa kuhusu vijana. Mimi nauza dagaa pia, nilikuwa nakausha mchangani kama wengi na nikajua biashara naijua. Binti yangu wakati huo ana miaka 19 hajui hata gunia linashonwaje, akawa anasoma maoni ya akina mama wa Dar kwenye Instagram, akaniambia mama kila mmoja analalamikia mchanga. Miaka yote hiyo sijawahi kusikia hayo kwa sababu mimi naongea na dalali, dalali anataka uzito, na mchanga una uzito! Nikahamia kwenye chanja za kuanikia juu ya ardhi, nikaanza kufunga pakiti ndogo, na wale wateja wako na mimi mpaka leo. Sasa binti huyohuyo akanishauri nikopeshe maduka pakiti 200 kwa mwezi na hapo nikaumia.

Unaona tofauti? La kwanza alilishuhudia kwa macho yake, la pili alilisikia. Kwa hiyo mtoto wa dada yako kila anachosema muulize umekiona wapi. Kwenye pakiti akikuonyesha meseji za watu wanaotaka kununua, sikiliza kabisa. Kwenye bei muulize gunia moja linatumia nauli kiasi gani, akishindwa kujibu bei panga mwenyewe. Aplikesheni iache kwanza, grupu la WhatsApp na namba ya kulipia vinatosha wateja 100, tena walipe kabla hujafunga.

Mzee wa Igombe

Hilo la mchanga nakubali, hata mimi sikuwahi kuambiwa. Lakini aje mwaloni saa 11 alfajiri aone.

Mama Chanja, Kirumba

Asanteni sana, nimesoma yote mara mbili. Jana jioni nilikaa naye nikamuuliza umekiona wapi, kwenye aplikesheni akakwama, kwenye pakiti akafungua simu akanionyesha watu 14 wameshamuulizia bei, na hakuwahi kuniambia! Nimempa laki mbili za vifungashio na lebo, milioni 4 zinakaa benki. Bei napanga mimi.

Akataka tuanze wiki hii hii nikamwambia mzigo hakuna, akauliza kwa nini, nikamtoa nje nikamwonyesha mwezi. Giza likirudi anakuja mwaloni na mimi. Anayejua duka la vifungashio vya nusu kilo kwa bei ya jumla hapa mjini anielekeze tafadhali.