Tupeane uzoefu: uji wa oti bila sukari, wewe unaupikaje asubuhi na haraka?

MLETA MADA
Wakuu, habari za asubuhi. Nakaa Mbagala, kazini ni Posta, saa kumi na moja na nusu niko kituoni. Miaka yote hiyo kifungua kinywa changu ni chapati mbili na chai ya pale pale kituoni. Mwezi wa tatu nikapimwa, kolesteroli ikaonekana imepanda, nikaambiwa nipunguze mafuta na nijaribu oti.

Nikanunua zile za vipakiti zenye ladha ya ndizi. Wiki mbili nakunywa kwa moyo mmoja, siku hiyo nikageuza kipakiti: sukari ni ya pili kwenye orodha, na orodha ile huanza na kilicho kingi. Yaani chai yangu ya kituoni imevaa suti! Nikahamia oti bapa zisizo na kitu chochote.

Napika hivi: nusu kikombe cha oti, kikombe kimoja cha maji, chumvi ya kudokoa, dakika tano. Mwishoni naponda ndizi mbivu, ile iliyoanza madoa meusi, na kijiko cha karanga za kusaga. Utamu unatosha kabisa. Tatizo langu ni jiko. Nabandika naenda kuoga, nikirudi umefurika au umeshika chini. Nyie mnafanyaje? Na tafadhali mtu asiniambie niamke mapema zaidi.

MAMA PACHA
Achana na sufuria, tumia chupa ya chai. Nikiamka nachemsha maji ya chai ya nyumba nzima, kwenye chupa natia nusu kikombe cha oti na maji yanayotokota kikombe na robo, nafunga. Nikimaliza kuwavalisha watoto sare, kama nusu saa hivi, umeiva na hakuna moto wa kulinda. Maziwa natia wakati wa kula.

Ila chukua chupa ya mdomo mpana. Mimi nilianza na ile ya shingo nyembamba, uji ukagoma kutoka, nikauchokonoa na mpini wa mwiko. Kioo cha ndani kikapasuka. Uji wote ukamwagwa, na chupa yenyewe ilikuwa ya mama mkwe.

GETO LA JUU
Sisi makapera hatupiki. Usiku nachukua kopo la siagi ya karanga lililobakiwa na ya kukwangua, natia oti, mtindi, maziwa kidogo, kijiko cha mbegu za chia, natikisa, friji. Asubuhi embe juu, naondoka nalo. Umeme ukikatika usiku kucha sili, nimeshajifunza chooni.

WA MASKATI
Mbona nyote mnaila tamu tu? Huku Oman oti ni shurba. Nakaanga kitunguu na thomu, nyanya, bizari, nyama ya mbuzi vipande vidogo, maji mengi. Nyama ikilainika natia oti kikombe kimoja kwa sufuria ya watu watano, nakoroga mpaka ishike uzito. Ndimu juu. Ramadhani futari haikamiliki bila yake, na ikibaki tunailia daku, inakaa tumboni kuliko mkate. Ndugu yangu wa kolesteroli, weka kuku bila ngozi badala ya mbuzi. Sukari hutaikumbuka.

BABU WA KIPIMO
Nina kisukari mwaka wa tisa na nina kipimo changu nyumbani, kwa hiyo mimi sibishani, napima. Nilisikia tende ni "sukari ya asili" nikaweka tano kwenye bakuli. Saa mbili baadaye kipimo kikasoma 13. Siku nyingine oti zile zile, bila tende, na yai la kuchemsha pembeni: 8. Zile za unga laini za kumwagia maji ya moto zinanipandisha haraka kuliko za bapa. Siku hizi ni mdalasini, iliki, na nusu ya ndizi ambayo haijaiva sana. Huu ni mwili wangu, wewe pima wako.

WA NAKURU
Mimi nauliza tu, wimbi ilikosea wapi? (Nyinyi mwaita ulezi.) Kilo moja ya oti hapa kwangu inanunua wimbi ya wiki nzima, na kalisi iko nyingi, zaidi ya miligramu 300 kwa gramu 100. Nakoroga unga na maji vuguvugu, nafunika siku mbili uchachuke. Asubuhi nachota kiasi, namimina kwenye maji yanayochemka huku nikikoroga, robo saa. Sukari haihitajiki, ule uchachu wenyewe ndio utamu.

AFISA LISHE
Wa Nakuru ana hoja, kuchachusha pia kunausaidia mwili kupata madini ya nafaka. Ila kwa kolesteroli oti ina nyuzi zinazoitwa beta-glukani, zile zinazofanya uji uteleze. Kinachotajwa kushusha kolesteroli ni gramu 3 za nyuzi hizo kwa siku, na Marekani iliruhusu dai kwamba zinaweza kupunguza hatari ya ugonjwa wa moyo kuandikwa kwenye pakiti tangu 1997. Ni kama robo tatu ya kikombe cha oti kavu, kwa hiyo mleta mada nusu yako haifiki.

Na hizo karanga, chambua kabla ya kukaanga. Iliyosinyaa, iliyobadilika rangi au yenye ukungu, tupa. Sumukuvu, ile sumu ya ukungu, haiondoki kwa kupika. Mwaka 2016 watu walikufa Dodoma na Manyara kwa mahindi yenye sumu hiyo. Ndiyo maana sipendi ule unga wa lishe wenye nafaka saba, soya na karanga humohumo ukikaa miezi kabatini.

GETO LA JUU
Kwa hiyo kopo langu?

AFISA LISHE
Kopo halina shida. Friji yako ndiyo yenye shida.

MLETA MADA
Mrejesho. Nimenunua chupa ya mdomo mpana Kariakoo, siku ya nne leo, sijaunguza kitu. Jumapili nilijaribu shurba ya kuku, mke wangu akauliza kama kuna mgeni. Oti nimepandisha hadi robo tatu. Ijumaa daladala ilichelewa, nikasimama karibu na yule mama wa chapati, akaniuliza nilikuwa naumwa?

Nilikula moja.