Tupeane uzoefu: ulipataje fremu ya baiskeli inayoendana na mwili wako?

PedaliZaDodoma

Habari za jioni wakuu. Nafungua uzi huu kwa sababu naona watu wanaacha baiskeli kwa maumivu ya magoti na kiuno, wanaambiwa ni umri au ni uzito, wakati fremu waliyokalia haiwafai. Ukienda dukani muuzaji anakuuliza, "Unataka 26 au 28?" Hiyo ni namba ya gurudumu. Baiskeli mbili za gurudumu 26 zinaweza kupishana fremu kabisa, moja inchi 15, nyingine inchi 20. Saizi ya fremu ni urefu wa lile bomba la fremu ambalo bomba la siti huingia ndani yake, kuanzia katikati ya ekseli kubwa inayozungushwa na pedali kwenda juu.

Mimi nina urefu wa sentimita 172. Nilirithi ya baba, ile nyeusi ya gurudumu 28, fremu inchi 24. Marehemu alikuwa na miguu mirefu. Mimi hata siti ikishushwa mpaka mwisho, nyonga zilikuwa zinayumba kushoto na kulia kuifuata pedali, na jioni kiuno kinawaka moto. Fundi mmoja mzee ndiye aliyenipima hivi: vua viatu, simama mgongo ukutani, bana kitabu kigumu katikati ya mapaja, kipandishe mpaka kiguse msamba kama vile umekalia siti, halafu mtu apime kutoka ukingo wa juu wa kitabu hadi sakafuni. Nikapata 80. Kwa baiskeli ya barabarani unazidisha kwa 0.66, yaani kama sentimita 53. Kwa ya milimani unazidisha kwa 0.57, inakuja kama 46, sawa na inchi 18. Nikatafuta ya 53, na kiuno kimepona. Ya baba bado ninayo, anaiendesha mdogo wangu ambaye amerefuka kama yeye.

Karibuni, kila mtu na mwili wake.

FundiKaria

Asante mkuu. Nipo Morogoro, kazi yangu ni hii. Goti likiuma kwa mbele, mara nyingi siti iko chini mno. Likiuma kwa nyuma, iko juu mno. Kaa kwenye siti, weka kisigino kwenye pedali iliyo chini kabisa: mguu unyooke bila nyonga kulalia upande. Ukihamia kukanyaga kwa mbele ya wayo, goti litabaki limekunjika kidogo, na hapo ndipo panapotakiwa.

Lakini siti ina kikomo chake. Bomba lake lina alama, na ile alama ikionekana nje ya fremu, bomba linaweza kukatika au fremu ikapasuka. Mtu mrefu akiniletea fremu ndogo nampandishia mpaka kwenye alama. Magoti yakiwa bado yamekunjamana, namwambia ukweli kwamba atafute fremu nyingine, maana spana haiwezi kurefusha chuma.

BintiMkoani

Huku Pemba wengi wetu tunapanda fremu ile iliyoshuka katikati, kwa ajili ya buibui. Bomba la juu halitusumbui, tabu yetu ni umbali wa usukani. Mimi miguu mirefu, kiwiliwili kifupi. Kwa kimo tu ningeambiwa fremu ni yangu, lakini nilikuwa naufikia usukani nimejinyoosha, viganja vinakufa ganzi na shingo inakaza. Fundi akasogeza siti mbele, goti likaanza kuuma. Akairudisha ilipokuwa, akanifungia usukani uliopinda kuja nyuma. Sasa viwiko vinakunjika nikiendesha, na ganzi imekwisha. Jamani, pimeni na mikono pia.

MbebaMaziwa

Salamu kutoka Busia, upande wa Kenya. Kwa mguu wangu fremu ya inchi 22 inanitosha, nikisimama bomba linabaki chini ya msamba kwa vidole viwili. Bila mzigo ni sawa kabisa. Funga mitungi ya maziwa kwenye karia, kisha usimame ghafla kwenye matope: mguu mmoja ukikosa pa kukanyaga, baiskeli inalala nayo maziwa yote yamemwagika. Anayebeba mzigo achukue fremu ndogo kidogo na apandishe siti. Nyayo zote mbili zikanyage chini vizuri.

DadaWaUtrecht

Huku Uholanzi fremu zinaandikwa kwa sentimita. Wenyeji ni warefu, kwa hiyo kwenye mitumba 57 na 61 ni nyingi. Mimi wa sentimita 158 nilitafuta sana mpaka nikapata ya 49. Hizihizi zikizeeka nyingine zinapakiwa kwenye makontena kuja nyumbani. Ukiona 61 kwenye kibandiko, ujue ilitengenezwa kwa mtu mrefu, hata kama bei inavutia na rangi bado inang'aa.

BabaWawili

Fundi, mwanangu ana miaka 10. Nimnunulie kubwa aikulie?

FundiKaria

Hapana kaka. Mtoto asiyefika chini anaogopa kusimama, na akiogopa atadondoka. Nenda naye dukani mwenyewe, asimame chini na bomba la juu likiwa katikati ya miguu yake, nafasi kati ya bomba na msamba ibaki walau sentimita 5. Kisha angalia bomba la siti: likiwa refu na bado lote limo ndani ya fremu, ana nafasi ya kukua nayo. Likiwa limeshakaribia alama leo, iache.