Mali za ndoa: mama wa nyumbani athibitishe vipi mchango wake mahakamani?

Msaidizi_Sheria
Habari wanajamvi. Nauliza kwa niaba ya mama mmoja, ndoa ya kimila, miaka 14, watoto wanne. Kiwanja mume alikinunua kabla ya kuoa, kikiwa na banda tu. Leo kina nyumba ya vyumba vinne. Kuna na shamba la mpunga ekari tatu lililonunuliwa ndani ya ndoa, mkataba una jina la mume peke yake. Mama hajawahi kuajiriwa, na mume anasema kwa hiyo hana chake. Ameshaanza kuleta madalali. Baraza la kata limempa mama barua ya kwenda mahakamani. Aanzie wapi?

Mzee_wa_Baraza
Aanze kwa kuisoma hiyo barua vizuri. Mashauri mengi ya talaka hufia hapo. Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya 1971 inataka baraza la usuluhishi la ndoa lithibitishe kuwa limeshindwa kuwapatanisha, na hati yenyewe ni ile Fomu Namba 3. Barua inayosema tu "tunawaleta kwenu kwa hatua zaidi" haitoshi. Hakimu wa chini anaweza kuipokea, mkaendesha shauri mpaka hukumu, halafu mume akakata rufaa na mwenendo wote ukafutwa kwa sababu shauri lililetwa kabla ya wakati wake. Mama anarudi baraza la kata kuanza upya, na nyumba pengine imeshauzwa.

Angalia mambo haya kwenye hati: imesema wazi kuwa usuluhishi umeshindikana? Pande zote zilisikilizwa? Waliosikiliza ni mwenyekiti na wajumbe wasiopungua wawili, au ni mtendaji wa kata peke yake? Tarehe je? Haitakiwi kuzidi miezi sita kabla ya siku ya kufungua shauri. Kama mume aliitwa akakataa kwa makusudi kufika, hilo liandikwe humo humo, maana sheria inalitambua.

Kijana_wa_Mjini
Mbona mnazunguka? Ni nusu kwa nusu, suala lilikwisha tangu kesi ya Bi Hawa.

Wakili_Ndoa
Hapana mkuu, na ushauri huu ndio unaowaponza wengi. Kwenye Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, 1983, Mahakama ya Rufani chini ya Jaji Mkuu Nyalali ilikubali kuwa kazi za nyumbani ni mchango kwenye mali za ndoa. Watu huishia hapo. Bi Hawa mwenyewe hakupata mgawo, kwa sababu mahakama iliona alishapewa fedha na mumewe za kuanzisha mradi wa familia akazitapanya. Kwa hiyo kesi hiyo inakufungulia mlango tu. Ukishaingia, unadaiwa ushahidi.

Kifungu cha 114 cha Sheria ya Ndoa kinataka mahakama iangalie mchango wa kila mmoja kwa fedha, mali au kazi, mila za jamii yao, madeni yaliyokopwa kwa faida ya wote, na mahitaji ya watoto. Ikishapima hayo ndipo ielekee kwenye usawa. Neno ni "ielekee", si lazima iwe nusu kwa nusu.

Sasa kwa mama huyu, kila mali ijengewe kesi yake. Ukiandika "tulichuma nyumba, shamba na mifugo" kwa sentensi moja, tegemea hukumu inayosema hakuthibitisha.

Nyumba: kiwanja ni cha kabla ya ndoa, lakini 114(3) inaingiza mali ya aina hiyo iwapo wakati wa ndoa imeendelezwa kwa kiasi kikubwa na yule mwenzi asiye mwenye mali au kwa juhudi za wote wawili. Kwa hiyo hoja iwe ni tofauti kati ya siku alipoolewa na leo. Nani aliliona lile banda? Jirani, balozi wa nyumba kumi, fundi aliyepandisha kuta. Nani aliwapikia mafundi, akachota maji ya tofali, akasimamia kazi mume akiwa safarini? Kitabu cha VICOBA (kikundi cha kuweka na kukopa) kinachoonyesha alikopa mwezi ule ule bati ziliponunuliwa kina uzito kuliko mashahidi watano wanaosema "alikuwa mke mwema". Taarifa za miamala ya simu pia, kama zipo.

Shamba: jina la mume linaleta dhana tu kuwa mali ni yake, nayo inapingika. Apatikane muuzaji au shahidi wa mkataba. Nani alilima, nani alipalilia, na mpunga ulipouzwa fedha zilikwenda wapi? Hilo la mwisho husahaulika, nalo mara nyingi ndilo linaloliunganisha shamba na nyumba.

Mama_Ardhi
Madalali wasisubiri. Kifungu cha 59 kinamzuia mume kuuza, kuweka rehani au kupangisha nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mke. Lakini kinalinda nyumba wanayoishi, shamba halimo. Kiwanja kikiwa na hati, apeleke pingamizi kwa Msajili wa Hati. Kama ni cha karatasi za serikali ya mtaa, aandike barua kwa mtendaji na mwenyekiti, nakala kwa dalali, wagonge muhuri wa kupokea. Kazi ya barua hiyo ni kumnyima mnunuzi kisingizio cha "sikujua ni nyumba ya ndoa". Kwa shamba, aombe zuio la muda mahakamani mara tu anapofungua shauri.

Msaidizi_Sheria
Asanteni sana. Ndoa haina cheti, hilo halitamwangusha?

Wakili_Ndoa
Kutosajili hakuibatilishi ndoa ya kimila. Alete mshenga, wazazi, waliopokea mahari. Dhana ya ndoa ya kifungu cha 160, yaani kuhesabiwa wanandoa kwa kuishi pamoja miaka miwili au zaidi, iwe akiba tu. Inakwama ikionekana mume bado ana ndoa ya Kikristo na mwanamke mwingine.

Mahakama ya Mwanzo inatosha, ina mamlaka ya mashauri ya ndoa sambamba na ya Wilaya. Mali haigawanywi wakati ndoa bado ipo, kwa hiyo ombi la mgawanyo liende pamoja na ombi la talaka au la kutengana. Na mle kwenye maombi aombe nyumba ithaminiwe na mthamini aliyesajiliwa, na mahakama itaje muda ambao upande mmoja unaweza kumlipa mwenzake fungu lake ubaki na nyumba, ukipita iuzwe. Hukumu ya "mdai apewe asilimia 40 ya nyumba" bila maelezo hayo hugeuka vita nyingine wakati wa kukazia hukumu, yaani kuitekeleza.

Asiporidhika, siku za kukata rufaa ni 45.