Tupeane uzoefu: ulianzaje kuboresha afya kwa mazoezi ya kila siku na kula vizuri, na kipi kimedumu mpaka leo?

Mleta mada:

Habari zenu wakuu, naomba leo tupeane uzoefu wa afya, na sizungumzii zile picha za "kabla na baada", nataka vile vitu vidogo vya kila siku ambavyo hata unayeishi naye anaweza asivione ila kipimo kinaviona.

Naanza mimi. Kazi yangu ni ya kukaa, asubuhi nakaa kwenye gari, mchana nakaa ofisini, jioni nakaa tena kwenye gari kurudi nyumbani. Nikaenda kupima afya tu sina hata dalili, presha ikasoma 138 kwa 88. Daktari akanielewesha kwamba 140 kwa 90 ndo mstari, wakipima mara kadhaa wakakuta umefika hapo au umepita wanasema una presha, mimi nilikuwa sijafika ila nimeusogelea, akasema kabla hatujaongelea dawa tupunguze chumvi na uanze kutembea halafu turudie vipimo.

Chumvi ndo nilianza nayo. Kiwango cha Shirika la Afya Duniani kwa mtu mzima ni chini ya gramu 5 kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai kwa siku nzima, na hapo inahesabiwa mpaka ile iliyojificha kwenye mkate, soseji, vyakula vya kopo na vile viungo vya pakiti. Kwa hiyo kopo la chumvi likatoka mezani likarudi jikoni, na kwenye kupika tukaongeza ndimu, vitunguu swaumu na pilipili, baada ya muda ulimi ukazoea mpaka saivi chakula cha nje nakiona chumvi imezidi.

Kwenye kutembea nikaweka utaratibu mmoja tu, simu ikiita nasimama, naongea huku natembea mpaka niikate, na lifti nikaachana nayo. Unaweza kuona ni kitu kidogo, ila kuna daktari Mwingereza Jerry Morris mwaka 1953 alitoa utafiti wa wafanyakazi wa mabasi ya ghorofa ya London, madereva wanakaa siku nzima, makondakta wanapanda na kushuka ngazi kukata tiketi, ikaonekana makondakta wanaugua moyo kidogo kuliko madereva. Na hao walikuwa hawaendi jimu, ni kazi yao tu. Ule utafiti kwa kweli ulinipa moyo sana.

Saivi presha inacheza kwenye 122 kwa 78 na dawa sijaanza. Karibuni, mwenzangu wewe ulianzia wapi na kipi kimekaa?

Mchangiaji 1:

Asante sana mleta mada, hii mada inanigusa kabisa. Mama yangu ana kisukari na shangazi zangu pia, kwa hiyo nilipopima sukari ya asubuhi kabla ya kula ikaja 6.4 (kipimo cha mmol/L) nikajua hapa pa kuchukulia kwa uzito, maana 7.0 kwenda juu ikijirudia ndo kisukari chenyewe, na mimi nilikuwa kule katikati, sio sukari ya kawaida wala bado sio kisukari.

Kilichonisaidia ni sahani na kutembea baada ya kula, basi. Sahani yangu iko hivi: nusu nzima ni mboga, yaani mboga zinaingia kwanza kabla ya kitu kingine, robo ni maharage au samaki au kuku, robo iliyobaki ndo wali au viazi. Wali sikuuacha jamani, watu wakisikia sukari wanadhani unakatazwa kila kitu, sio kweli, kinachobadilika ni kiasi chake na kile ulichokula nacho. Halafu nikimaliza chakula cha jioni sikai, natoka natembea kama robo saa hivi na mume wangu, mwendo wa kawaida tu. Misuli ikifanya kazi inaichukua sukari kutoka kwenye damu papo hapo bila kutegemea sana insulini (homoni ya mwili inayoshusha sukari), ndo maana ule muda baada ya kula una faida yake ya pekee. Nina kile kimashine cha kupimia nyumbani, nimeshapima siku nimetembea na siku nimekaa kwa chakula kilekile, tofauti naiona kwa macho yangu.

Kwa wenye wasiwasi kama hivi vitu vinafanya kazi kweli, kuna utafiti mkubwa wa Marekani unaitwa Diabetes Prevention Program, matokeo yalitoka 2002, watu 3,234 waliokuwa hatarini kupata kisukari. Waliopewa lengo la kupunguza asilimia 7 ya uzito na kufanya mazoezi dakika 150 kwa wiki walipunguza hatari kwa asilimia 58, waliopewa metformin, dawa ya kushusha sukari, walipunguza kwa asilimia 31. Asilimia 7 kwa mtu wa kilo 80 ni kilo 5 na kitu tu! Huwa nawaambia ndugu zangu hii namba kila nikipata nafasi.

Mchangiaji 2:

Dada hapo juu umeongea. Dakika 150 ukizigawa ni nusu saa kwa siku tano, na siku hizi hata ukizikatakata dakika kumi kumi zinahesabika.

Mchangiaji 3:

Mimi nije na habari ya magoti maana naona watu wote wanaongelea kutembea na kuna wenzetu kutembea kwenyewe ni shughuli. Goti langu la kulia lilikuwa linauma mpaka kushuka ngazi nashika ukuta, nikapelekwa kwa mtaalamu wa mazoezi ya viungo, nikadhani ataniambia nipumzike, akaniambia kinyume chake, misuli ya mapaja imelegea ndo maana goti linabeba mzigo peke yake.

Zoezi alilonipa ni la kiti. Unachukua kiti kigumu kisicho na matairi unakiegemeza ukutani, unakaa mbele kidogo sio mpaka kwenye mgongo wa kiti, miguu upana wa mabega, nyayo zote ziguse chini, mikono unaikunja kifuani, unainamisha kifua mbele kidogo halafu unasimama, unahesabu taratibu mpaka tatu wakati wa kukaa tena. Siri iko kwenye kukaa, usijiangushe, shuka polepole mpaka uhisi paja linatetemeka. Mwanzo nilikuwa nasaidia kwa mkono, baadae bila mkono, saivi nashika chupa mbili za maji. Nafanya nikisubiri maji yachemke, nafanya nikiangalia taarifa ya habari.

Na uzito nao, yule mtaalamu alinieleza kwamba kila kilo 1 unayopungua inaliondolea goti mzigo wa kama kilo 4 kwa kila hatua. Hebu piga hesabu hatua ngapi unapiga kwa siku, ndo utaelewa kwa nini kilo chache tu mtu anapata nafuu kubwa.

Naomba watu wasisahau misuli aisee. Miongozo inasema angalau siku mbili kwa wiki mazoezi ya nguvu, na hii wengi tunairuka tunakimbilia kukimbia tu.

Mchangiaji 4:

Wakuu mi nauliza, lazima hatua elfu kumi? Simu yangu kila siku inanionyesha sijafika inanikatisha tamaa.

Mleta mada:

Mkuu achana na hiyo presha ya simu kabisa. Elfu kumi ilianzia Japani 1965 kwenye biashara ya kifaa cha kuhesabia hatua, joto la olimpiki ya Tokyo ya 1964 bado lipo, haikutoka kwa madaktari. Angalia wewe unapiga ngapi saivi, ongeza kidogo, ukizoea ongeza tena. Na angalia mwendo wako, ukiwa unatembea vizuri unaweza kuongea na mwenzako ila kuimba huwezi, hapo uko kwenyewe.

Mchangiaji 5:

Upande wangu ni vinywaji. Mimi chakula changu kilikuwa hakina shida ila nilikuwa mtu wa soda mchana na juisi ya boksi jioni. Siku moja niko kwenye foleni ya kulipia nikageuza chupa nikasoma lebo, na hapa naomba mnisikilize maana watu wengi lebo inawachanganya, pale juu wanaandika sukari kwa kila mililita 100, unaona gramu 10 au 11 unasema mbona kidogo, ila chupa yenyewe ni mililita 500, kwa hiyo unazidisha mara tano, inakuja gramu 50 na zaidi, vijiko vya chai kama 12 hivi kwenye chupa moja. Na Shirika la Afya Duniani linasema sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya nguvu unayopata kwenye chakula kwa siku, ambayo kwa mtu wa kalori 2,000 ni gramu 50, na ukiweza kushusha mpaka 25 ndo bora zaidi. Kwa hiyo chupa moja umemaliza siku.

Juisi nayo hata isiyoongezwa sukari inaingia kwenye hesabu hiyohiyo, asali pia. Tunda zima haliingii, kwa sababu nyuzinyuzi zake ziko pale na unalitafuna. Chungwa moja unashiba, glasi ya juisi ni machungwa matatu manne na bado unatafuta chakula.

Sikuacha kwa siku moja, nilianza kuweka nusu juisi nusu maji, baadae maji yenye vipande vya limao, chai nayo nikashusha sukari kidogokidogo. Tumbo limepungua, ila zaidi ni ule usingizi wa saa tisa mchana, umeondoka kabisa, nafanya kazi mpaka jioni niko mzima.

Mchangiaji 6:

Shikamooni wakubwa, na wadogo zangu hamjambo. Mimi nina miaka 68. Naona vijana mmeongea vizuri, naongeza la kwetu sisi wazee, nalo ni kuanguka. Mtu wa umri wangu akianguka akavunjika nyonga maisha yanabadilika, kwa hiyo mazoezi ya kusimama imara sisi tunatakiwa kufanya angalau siku tatu kwa wiki. Mimi nikipiga mswaki nasimama mguu mmoja, mkono mmoja uko karibu na sinki kwa usalama, asubuhi mguu wa kulia usiku wa kushoto. Halafu natembea kisigino mbele ya vidole kwenye korido, nimeshika ukuta kwa vidole tu. Na protini wazee tusiiache, mayai, maharage, maziwa, maana mtu mzima anaanza kula chai na mkate tu na misuli inaisha taratibu bila yeye kujua.

Mchangiaji 7:

Marahaba... samahani, shikamoo mzee wetu, nimeipenda hiyo ya mswaki, namwonyesha baba leo leo.

Mimi nafanya kazi zamu za usiku, naomba msaada, nakula saa nane usiku, asubuhi nakula tena, nalala mchana vipande vipande, uzito unapanda tu. Kuna wa zamu humu?

Mchangiaji 8:

Pole mkuu, mimi ni nesi kwa hiyo usiku naujua. Usingizi ndo uanze nao kabla ya chakula, mwili ukikosa usingizi njaa inaongezeka na unatamani vitu vitamu na vya kukaanga, sio kwamba huna msimamo. Chumba kiwe giza kabisa, mapazia mazito au kitambaa cha macho, simu nje ya chumba, na familia ijue kwamba saa zile ni usiku wako. Mlo wako mkubwa kula kabla ya kuingia zamu, usiku beba kitu chepesi, mayai ya kuchemsha, karanga, tunda, mtindi usio na sukari, maana usiku wa manane mwili unaishughulikia sukari vibaya kuliko mchana. Kahawa mwisho nusu ya kwanza ya zamu. Na ile saa ya mapumziko usikae yote, zunguka jengo mara mbili tatu.

Nikiwa hapahapa naomba nitoe angalizo kwa wote, kwa nia njema kabisa. Kifua kikibana au kuuma, pumzi ikikata isivyo kawaida, kizunguzungu, simama hapohapo usijikaze, tafuta msaada haraka. Wanaotumia insulini au vidonge vya kushusha sukari waongee na daktari kabla ya kuongeza mazoezi, sukari inaweza kushuka ghafla, ukianza kutetemeka na kutoka jasho la baridi kula kitu kitamu mara moja, kwa hiyo tembea nacho mfukoni. Na wenye dawa za presha msiziache wenyewe kwa kuona vipimo vimekaa vizuri, mpunguzaji ni daktari wako. Maumivu ya misuli kesho yake na keshokutwa baada ya zoezi jipya hayo ni ya kawaida, yanaisha.

Mchangiaji 4:

Nesi samahani nakusumbua, nimenunua mashine ya presha ila kila nikipima inakuja namba tofauti, saa nyingine 150, saa nyingine 128. Mbovu?

Mchangiaji 8:

Hujanisumbua hata kidogo. Inawezekana ni nzima, angalia unavyopima. Nusu saa kabla usinywe kahawa, usivute sigara, usifanye mazoezi, nenda haja ndogo kwanza. Kaa kwenye kiti chenye mgongo dakika 5 kimya, miguu chini usiikunje, mkono uweke juu ya meza, kile kitambaa cha mashine cha kufunga mkononi kiwe usawa wa moyo, na kivae kwenye ngozi sio juu ya shati. Usiongee wakati inapima. Pima mara mbili uache dakika moja katikati, andika zote. Fanya hivyo asubuhi na jioni kwa wiki moja, halafu hilo karatasi mpelekee daktari pamoja na mashine yenyewe ailinganishe na ya kwake. Kama kitambaa kinakubana sana au kinapwaya nacho kinadanganya, pima mzunguko wa mkono wako uone kama uko kwenye saizi iliyoandikwa pale.

Mchangiaji 4:

Nilikuwa napima nikitoka tu kupanda ngazi, nimesimama. Ngoja nianze kesho asubuhi, nitaleta namba hapa.