Taa ya nje ya zamani: nitengeneze, nibadili yote, au niweke sola?

Mkwezi_Tanga
Wakuu salaam. Nina taa ya ukutani nje, ile ya alumini yenye kioo kizito na wavu, aliifunga marehemu mzee wetu mimi sijaanza hata shule. Nyumba iko karibu na bahari, chumvi imekula skrubu zote, na mvua ikinyesha tu sakiti breka inakata nyumba nzima gizaaa. Fundi wa kwanza kasema tupa, wa pili kasema inatengenezeka, shemeji naye anasema achana na waya weka sola. Hela ya kuchezea sina. Mngefanyaje?

fundi_sele
Kabla hujanunua kitu zima mein switch, sio swichi ya taa, MEIN. Nyumba za zamani nimekuta nyingi swichi inakata nyutro (waya wa kurudisha umeme) badala ya laivu (waya wenye moto), kwahiyo taa imezima lakini kwenye holda moto upo palepale. Pima na testa. Na rangi angalia, zamani laivu ilikuwa nyekundu na nyutro nyeusi, siku hizi laivu kahawia na nyutro bluu, sasa ukikuta waya wa zamani umeungwa na wa juzi usibahatishe.
Breka kukata kwenye mvua ni maji yanaingia. Mara nyingi sio kwenye kioo, yanafuata waya kutoka juu mpaka ndani ya holda. Ukibadili taa ukaacha waya ulivyo, mpya nayo italowa hivyohivyo.

yakhe_wa_Mvita
Yakhe pole, mimi niko Mombasa chumvi hiyo naijua. Nilinunua taa mpya ya chuma iliyopakwa rangi nyeusi, maridadi kweli, mwaka haukuisha ishavimba kutu. Sasa nina ya plastiki ngumu na skrubu za stenlesi, haina sura lakini ipo. Ukinunua soma namba ya IP kwenye boksi, tarakimu ya kwanza vumbi ya pili maji. 44 inavumilia rasharasha, iweke barazani chini ya bati. Ukuta unaopigwa na mvua tafuta 65.

mama_Zuu
Sola ninayo getini mwaka wa pili. Raha yake hakuna kuchimba ukuta na umeme ukikatika inawaka. Lakini boksi limeandikwa wati 200 na mwanga wake haufiki hata balbu ya kawaida, hizo wati ni za kwenye karatasi 😂 Masika mawingu siku tatu mfululizo inazima saa tano usiku, wezi ndio wanaamka. Na mwembe ukitia kivuli kwenye paneli basi tena. Betri yenyewe imeshaanza kuchoka.

Mkwezi_Tanga
Mama Zuu asante, hapo kwenye mwembe umenigusa maana ninao 😅. Suala jingine ni units. Ndani kuna globu ya wati 60 inawaka kwa masaa 12 kila usiku, nimepiga hesabu ni units 21.6 kwa mwezi, na mimi niko kwenye tarifu ya wasiozidi units 75, yaani taa moja inakula zaidi ya robo!

fundi_sele
LED ya wati 9 kwa masaa hayohayo ni units 3.24. Hiyo peke yake inamaliza ubishi wa globu. Mwili wa taa kama haujapasuka bakiza, alumini ya zamani ilikuwa nene, za sasa unaipinda kwa kidole. Badili holda, raba ya kioo, skrubu na kipande cha waya. Erth (waya wa ardhini) lazima, hiyo ni chuma. Waya uache ulegee kidogo chini ya tundu kabla haujaingia, maji yadondokee hapo. Silikoni paka juu na pembeni, CHINI USIZIBE, jasho la ndani litokee wapi?

yakhe_wa_Mvita
Fundi hapo kwa raba sikubaliani sana, raba ya kioo cha zamani utaipata wapi? Mimi nilizunguka maduka nikachoka.

fundi_sele
Kata kwenye tyubu ya baiskeli. Sio ya milele ila LED haichemki kama globu, haitaungua.

Mkwezi_Tanga
Mrejesho. Nimezima mein nikafungua na fundi wa pili. Ndani mjusi amekauka katikati ya vidole vya holda, waya umekatika ganda, na erth ipo imekunjwa tu nyuma haijafungwa popote, miaka yote hiyo tunaishika na mikono mibichi. Skrubu mbili zilivunjika ikabidi kutoboa upya. Tumebadili holda na waya, erth imefungwa, LED ya mwanga wa njano maana nyeupe inaita kumbikumbi wote wa mtaa. Jana imenyesha usiku kucha breka haijakata. Getini nimemwachia shemeji aweke sola yake, ila mwembe sikati.

mama_Zuu
Shemeji aiweke upande wa barabarani basi, kivuli cha asubuhi kisiifikie.